Mnara Ulionuka

Kila siku kabla ya kwenda shule, Prisca alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kumenya ndizi pamoja na bibi yake, na kufagia matope ambayo mvua ilileta mpaka mlangoni. Kijiji chao kiko kwenye vilima vya Lufingo, wilayani Rungwe, na mwezi wa nne huko mvua haina adabu. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo, kisha inanyesha tena. Nguo zikianikwa Jumatatu, Alhamisi bado zinadondosha maji.

Prisca alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Wazazi wake walikuwa wameteremka Kyela kulima mpunga, kwa hiyo nyumbani walibaki watatu: yeye, Bibi, na dada yake Jenifer. Jenifer alikuwa amemaliza kidato cha nne, na sasa alichuma chai kwenye shamba kubwa la jirani huku akingoja majibu ya chuo cha uuguzi.

Asubuhi moja, maganda ya ndizi yakiwa yamewajaa magotini, Bibi alisema, "Kitendawili!"

"Tega."

"Mgongo hulambwa, uso hupigwa."

Prisca alifikiri. "Mtoto mtundu?"

"Gwe, wewe! Mtoto gani analambwa mgongo? Huyo ni ndama."

"Basi nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Tukuyu."

"Tukuyu nimekwenda, nimezunguka soko lote, nimelowa, nimerudi," alisema Bibi. "Jibu ni stempu. Mgongo mnaulamba ninyi, na uso wake unapigwa mhuri posta."

Prisca alicheka, maana siku hizo hakuna kitu alichokipenda kama stempu.

Hiyo ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Duka la ushirika, lililozoeleka kwa rafu tupu na karani mwenye usingizi, sasa lilikuwa la Mzee Lazaro. Ndani mlijaa sabuni za rangi, ndala, biskuti na ubani wa kutafuna. Mzee Lazaro aliuza pia stempu, na ukutani alitundika kisanduku cha bati cha kutumbukizia barua. Gari la posta lilikuja kutoka Tukuyu kila Ijumaa kukichukua kilichomo.

Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wakishindana kukusanya stempu. Walizibandika kwenye daftari, wakabadilishana kwa kalamu na ubani. Mwalimu Anyitike, aliyewafundisha historia, aliona jambo hilo kuwa jema. Siku moja alishika stempu ya mwanafunzi wake Ezron, yenye picha ya mnara wa saa uliosimama mbele ya jumba jeupe.

"Hili ni Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib," aliwaambia. "Liko Unguja, kisiwani."

"Ni kanisa, mwalimu?" aliuliza mtoto mmoja, kwa sababu mnara pekee alioujua ulikuwa wa kengele ya kanisani.

"Hapana. Lilikuwa jumba la Sultani. Zamani kulikuwa na mnara mwingine mbele yake. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zikapiga mizinga, mnara ule ukaharibiwa. Baadaye ndipo ukajengwa huu mnaouona."

"Saa kubwa namna hii," alisema Ezron, "anayeijaza ufunguo anatumia koleo?"

Darasa zima lilicheka. Lakini Prisca hakuondoa macho kwenye ule mnara. Hakuwahi kuiona bahari, na hakujua kisiwa kinafananaje. Alitaka mnara ule uwe wake.

Kwa sheria waliyojitungia watoto, stempu yenye mhuri ilihesabiwa moja, lakini stempu safi isiyopigwa mhuri ilihesabiwa kumi. "Mnara msafi hakuna mwenye nao," Ezron alijigamba, "hata mimi. Atakayeupata nitambebea begi mpaka mwisho wa muhula."

Nyuma ya ofisi za shamba la chai palikuwa na shimo la taka. Huko ndiko walikotafuta bahasha kuukuu. Jamani, shimo lile! Chini mlikuwa na maji meusi yenye povu. Kando yake palitupwa mabaki ya vyakula, matambara yenye usaha kutoka chumba cha huduma ya kwanza, na paka mfu aliyevimba kama mpira. Nzi wa kijani hawakuogopa mtu. Prisca alifunga pua kwa kola ya shati, akachokoa kwa mti, akapata bahasha tatu. Moja ilikuwa na mnara, lakini mhuri ulikuwa umepita katikati ya saa.

Jumamosi mchana Jenifer alirudi nyumbani mbio, kikapu cha kuchumia bado kikiwa mgongoni. Majibu ya chuo yalikuwa yamefika. Alikuwa amepata nafasi! Alijaza fomu palepale mezani, akatia sahihi, akaiweka ndani ya bahasha.

"Mdogo wangu," alimwambia Prisca, "mimi lazima nirudi kupima majani yangu. Ipeleke hii kwa Mzee Lazaro. Fomu inatakiwa ifike Mbeya kabla ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi kupita. Ikichelewa, nafasi wanampa mwingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

"Stempu hii hapa. Sijaibandika kwa sababu ya unyevu. Ibandike ukifika dukani."

Prisca aliipokea. Ilikuwa mnara! Mnara msafi, saa yake nyeupe haina doa, kingo zake zimekamilika jino kwa jino.

Jenifer aliondoka. Bibi alikuwa shambani. Prisca alikaa peke yake jikoni, bahasha mkono huu, stempu mkono huu. Akawaza: mnara ni mnara. Barua inataka mnara, nami ninao mwingine.

Akatoa daftari lake, akabandua ile stempu ya shimoni. Akaulamba ule mhuri, akausugua kwa majivu, akaulamba tena. Ulimi ulipata ladha ya kutu, moshi, na kitu kingine ambacho hakutaka kukijua. Akatema, akasugua, akalamba mara ya tatu. Mhuri ukafifia.

Sasa ilibaki gundi. Mgongo wa stempu ile haukuwa nayo tena. Watoto wa Lufingo wanajua kwamba ndizi iliyopikwa inanata. Kila siku walitumia ndizi kubandika majalada ya madaftari. Lakini hiyo ni ndizi iliyochemshwa kwa maji matupu. Mekoni siku hiyo palikuwa na chungu cha mbalaga, ndizi zilizopondwa zikapikwa na maziwa na maharage. Prisca alichovya kidole, akapaka stempu, akapaka na mdomo wa bahasha ili ushike vizuri. Alipaka nyingi. Ikashika kama msumari.

Akaenda dukani, akatumbukiza barua. Iligonga chini ya bati, pwa! Siku hiyo hakuna aliyekuwa na furaha kama yeye.

Furaha ile haikumaliza siku mbili. Jumatatu aliamka na malengelenge ndani ya mdomo, na tumbo likimsokota. Alitapika uji, akatapika chai, akatapika hata maji. Alikimbia chooni mara sita.

"Umekula nini wewe?" aliuliza Bibi.

"Sijala kitu, Bibi."

"Tumbo halipigani na kitu ambacho hakijaingia." Bibi alimpa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari kidogo, akamtazama sana. Prisca akageukia ukutani.

Ijumaa alikuwa amepona, akaweza kwenda shule. Jioni, wakati wa kurudi, yeye na Ezron walikuta watu wamekusanyika mbele ya duka. Kabla hawajafika, harufu iliwapokea. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyooza na panya aliyefia darini, vyote pamoja.

Gari la posta lilikuwa limesimama. Mzee Lazaro alikuwa amefungua kisanduku, kofia yake ikiwa imemziba pua. Kutoka kwenye bati walitoka mende, wakubwa kama tende, wakakimbilia miguu ya watu. Wanawake waliruka. Sisimizi walipanga mstari mweusi kutoka kisandukuni mpaka darini. Barua zote za wiki ile, kumi na mbili, zilikuwa zimegandana kuwa kitu kimoja. Juu yake ukungu ulikuwa umeota kama manyoya, na katikati, jamani, katikati funza walikuwa wakijipindapinda.

"Mimi hiyo siiweki kwenye gari langu," alisema dereva wa posta, akatema mate upande wa pili. "Nina barua za watu humu."

"Nani amefanya unajisi huu?" aliuliza Mzee Lazaro.

Mtu mmoja alijibu haraka, "Nani mwingine? Si Mama Lukasi? Yeye ndiye anayebandika bahasha kwa ugali."

Watu wote waligeuka. Mama Lukasi alikuwa mjane, mwembamba, aliyelima vibarua. Kila mwezi alimwandikia mwanawe Lukasi, aliyekwenda kuchimba dhahabu Chunya. Bahasha zake alizitengeneza mwenyewe kwa karatasi za daftari, akazifunga kwa ugali. Kila mtu alijua.

"Haposti barua huyo," Ezron alipaza sauti, "anamtumia Lukasi chakula cha mchana!"

Watu wakacheka huku wameziba pua. Mama Lukasi hakucheka. "Ugali wangu ni unga na maji tu," alisema. "Ukikauka unakuwa mgumu kama kucha. Miaka mitatu sasa nafunga hivyo, Mzee Lazaro. Umewahi kuona funza?"

"Leo nimewaona," alijibu Mzee Lazaro kwa hasira. "Tazama barua za watu! Kuanzia leo barua yako isiingie kwenye kisanduku hiki. Kama unataka kumwandikia mwanao, tembea mpaka Tukuyu."

Mama Lukasi aliinama kutafuta barua yake kwenye lile donge. Sisimizi walimpanda mkononi, hakuwakung'uta. Alipata kipande cha karatasi chenye mistari, kimelowa, wino umekwisha. Akakishika hivyohivyo.

Prisca angeweza kuondoka. Hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Daftari lilikuwa ndani ya begi lake, na ndani ya daftari mnara msafi ulikuwa umekaa kimya.

"Si yeye," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa sauti, "Si Mama Lukasi! Ni mimi. Nilibandika kwa mbalaga."

Mzee Lazaro alichukua vijiti viwili, akapekua lile donge, akainua bahasha moja. Stempu ilikuwa bado imeshika, lakini mende walikuwa wameutafuna mnara kuanzia juu mpaka kwenye saa. Majivu yalikuwa yameyeyuka kwa unyevu, na mhuri wa zamani ulionekana wazi.

"Mbalaga!" alisema Mzee Lazaro. "Maziwa ndani ya bati, wiki nzima, mvua hii! Na stempu yenyewe imekwisha kutumika. Wewe mtoto, hata kama isingeoza, posta wangeizuia palepale. Umeitoa wapi?"

"Shimoni. Nyuma ya ofisi za chai."

"Ukaisafisha kwa nini?"

Prisca alitazama chini. "Kwa ulimi."

"Mwe!" alisema mama mmoja, akajishika tumbo. Ezron alirudi nyuma hatua mbili, kana kwamba Prisca mwenyewe alikuwa na funza.

Mzee Lazaro alivua kofia, akamgeukia Mama Lukasi. "Mama, nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi. Kisanduku ni chako kama cha wengine." Kisha akamwuliza Prisca, "Na barua hii ni ya nani?"

"Ya dada Jenifer. Ya chuo."

"Basi utampelekea wewe. Mimi simwambii."

Prisca aliibeba juu ya jani la mgomba. Alipita katikati ya mistari ya chai mpaka alipomwona Jenifer, mikono yake ikienda mbio juu ya majani. Alimweleza yote, hakuficha hata kulamba. Jenifer hakupiga kelele. Aliifungua bahasha taratibu. Fomu ilikuwa na doa la njano lililokula nusu ya sahihi yake, na kona moja haikuwepo.

Prisca alinyoosha mkono kumshika dada yake.

"Usinishike," alisema Jenifer. "Mkono wako unanuka."

Maneno hayo yalimwuma kuliko fimbo. Usiku ule Jenifer hakula.

Jumamosi asubuhi Bibi hakutega kitendawili. Alimpa Prisca ndoo, majivu, sabuni na gunzi la mahindi, akasema, "Nenda." Prisca alikisugua kile kisanduku tangu asubuhi mpaka jua lilipokuwa kichwani, maana siku hiyo lilitoka. Aliwaondoa funza kwa kijiti. Mara mbili alikimbia pembeni kutapika, mara mbili akarudi. Aliosha kwa maji ya moto, akaosha tena. Kila aliyepita dukani alimwona, na wengine walisimama kumwambia barua yao ilikuwa ya nani, na ilikuwa na habari gani. Mmoja alikuwa ameandika habari za msiba. Prisca alisikiliza kila mmoja na kuomba radhi kila mara.

Alipomaliza, alinawa mpaka kwenye viwiko, akaenda nyumbani kwa Mama Lukasi. Alitoa daftari, akachomoa ule mnara msafi. Nyumbani alikuwa amemwuliza Jenifer aufanyie nini, naye akamjibu bila kugeuka, "Mpe uliyemponza."

"Mama," alisema Prisca, "naomba nikuandikie barua yako upya."

Mama Lukasi alimtazama, kisha akavuta kigoda. "Kaa. Andika: Mwanangu Lukasi, mvua ni nyingi lakini mimi mzima. Kuku wametotoa saba. Kifua changu kimepoa. Usiingie shimoni wakati wa mvua." Akaichungulia karatasi. "Yale mengine niliyoandika kwanza nimeyasahau. Andika hayo."

Prisca aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Mama Lukasi alilowesha stempu kwa kitambaa safi chenye maji, akaibandika mwenyewe. Mnara ulikaa wima.

"Ndaga," alisema. Ahsante.

Jumapili baada ya ibada, Jenifer na Prisca walikwenda kwa Mwalimu Anyitike. Jenifer alitia sahihi upya juu ya doa, na Mwalimu aliandika barua fupi kueleza kwamba fomu imeharibiwa na unyevu na wadudu kwa kosa la mtoto wa nyumbani, naye anamfahamu Jenifer kuwa msichana mwaminifu. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Jenifer aliondoka alfajiri kuipeleka fomu Mbeya kwa mkono wake. Mchana Prisca alipotoka shule alipewa ruhusa na msimamizi wa shamba la chai, akachuma mistari ya dada yake mpaka vidole vikawa vyeusi.

Jioni yeye na Bibi walikaa mlangoni. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Ilipokaribia saa moja, Jenifer alitokea njiani, amelowa, viatu mkononi.

"Dada?" alisema Prisca, akiogopa kusogea.

"Karani aliishika kwa ncha za vidole viwili," alisema Jenifer, "kama mtu anayemtupa panya. Akaniuliza, 'Binti, fomu hii umeifukua kaburini?' Wenzake wakafungua madirisha."

"Halafu?"

"Halafu akasoma barua ya Mwalimu. Akagonga mhuri." Jenifer alikaa kizingitini, akatoa pumzi. "Nimepokelewa. Lakini Prisca, nilisimama pale na aibu ambayo haikuwa yangu."

Prisca alianza kulia.

"Lia, kisha usikie," alisema Bibi. "Picha ile ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini stempu haikutengenezwa ikae kwenye daftari lako. Ilitengenezwa ibebe neno la mtu. Ulipoitoa hukuiba karatasi, uliiba neno la dada yako. Na ulimi Mungu alikupa wa kuonjea chakula na kusemea kweli. Wewe umeulambisha taka, kisha nilipokuuliza, ukausemesha uongo. Siku ileile ungeniambia, tungeitoa barua ile ikiwa bado mbichi, na Mama Lukasi asingechekwa na mtu. Uongo ni kama ile mbalaga, mjukuu wangu. Siku ya kwanza unashika vizuri, mpaka unausifu. Ukiufungia ndani, unaoza, na unawaozeshea hata wenzako ambao hawakuupika."

"Nimekosa, Bibi. Dada, nimekosa. Nisamehe."

Jenifer akachukua mkono wa mdogo wake, akauinua mpaka puani, akaunusa.

"Unanuka majani ya chai," alisema. "Kanawe, tule."